Jiko Jeupe Lisilo na Dari

Mama alianguka mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto, akienda chooni. Choo chetu kilikuwa chini kabisa ya kihamba, shamba la ukoo, ukishaimaliza migomba yote, na njia yenyewe ilikuwa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Jirani aliyekuja kuazima panga ndiye aliyemkuta. Nyonga ilikuwa imevunjika. Akalazwa hospitali mjini Moshi, akawekwa vyuma, na aliporudishwa nyumbani Uru alikuwa mtu wa magongo mawili na hasira nyingi. Hasira hizo ndizo nilizorithi mimi. Uzuri alimpa dada yangu.

Mimi na dada tulipokezana kumhudumia. Yeye alikuwa ameolewa Kilema, kwa hiyo kila alipokuja kwetu aliacha mume na ng'ombe wote wakilalamika. Mimi sikuwa na mume wala ng'ombe. Nilikuwa na chumba cha kupanga Majengo, mjini, na hicho hakilalamiki. Tulimwogesha Mama chumbani kwa beseni, na kwa haja tulimwekea ndoo yenye kifuniko. Huyu alikuwa mwanamke aliyekuwa akishuka hadi sokoni na mkungu mzima kichwani, na sasa alifumba macho kila tulipomvua kanga, kana kwamba asipotuona nasi hatumwoni. Hilo liliniuma kuliko kuyaona magongo.

Mwezi wa saba akaja mdogo wetu wa mwisho kutoka Dar es Salaam. Kwetu Uchaggani mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kihamba kilichoizunguka, kwa hiyo alipoita kikao, kikao kikakaa. Alikuwa na duka la vipuri Kariakoo na mambo yalimwendea vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Mama kwa dhati, na kwa sababu alimpenda alikuwa amekwisha kuamua.

"Siwezi kumwacha mzazi wangu anahudumiwa kwa ndoo," alisema. "Baada ya Krismasi namchukua. Kwangu kuna bafu ndani, kuna choo cha kukaa, kuna msichana wa kazi."

"Ghorofa ya ngapi?" Mama akauliza.

"Ya tatu, Mama."

"Na nikishafika huko juu nitakuwa naangalia nini?"

Mama akageuza uso akatazama ukuta, na machozi yakamtoka bila sauti. Sikuwahi kumwona Mama akilia, hata baba alipofariki. Damu ikanipanda kichwani nikasema bila kufikiri: "Nipe mpaka Krismasi. Ukija ukamkuta anapika mwenyewe, anaoga mwenyewe, anakwenda chooni mwenyewe bila kushikwa na mtu, unamwacha hapa hapa."

"Dada, kwa muujiza gani?"

"Muujiza niachie mimi."

Akacheka, akakubali. Ahadi ikawekwa mbele ya Mama na mbele ya dada, na Mama akageuka kutoka ukutani akanitazama kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipojua nimejiingiza kwenye jambo ambalo sina ruhusa ya kulishindwa.

Nilikuwa na fedha kidogo. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, zilikuwa zimeleta kila kitu madukani, kisha zikaja kuchukua kazi zenyewe. Kiwanda nilichokitumikia tangu usichana wangu kilipunguza watu mwaka ule, nami nikapunguzwa, nikapewa kiinua mgongo changu katika bahasha. Kila mtu alikuwa na shauri juu ya bahasha hiyo. Nunua cherehani. Fungua genge. Nenda Nairobi ukachukue mitumba. Hakuna aliyenishauri nijenge choo katika nyumba ambayo kwa mila ni ya mdogo wangu, na waliposikia nataka kufanya hivyo walinihurumia waziwazi. "Unajenga kwa watu," shangazi aliniambia. Nikamwambia najenga kwa mama yangu, na kama ana shida na hilo aende akalale.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vitatu, ya matofali, baba aliijenga kwa fedha za kahawa wakati kahawa ilipokuwa fedha. Jiko lilikuwa peke yake uani, kibanda cha miti na udongo chenye mafiga matatu, cheusi ndani kwa moshi wa miaka yote. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Stoo iliyopakana na chumba cha Mama igeuke bafu na choo. Baraza ya nyuma, iliyopakana na hiyo stoo, izibwe iwe jiko. Kila kitu chini ya paa moja, sakafu moja isiyo na ngazi, na ukuta mmoja katikati ili mabomba ya jiko na ya bafu yapite mahali pamoja nisinunue mengi.

Kiwandani nilikuwa karani wa stoo ya vipuri, ndiyo maana nilijua majina ya vitu vyote na matumizi ya vichache. Hayo mengine nilitegemea fundi. Lakini kwetu mlimani nusu ya pili ya mwaka si wakati wa kutafuta fundi. Kila aliyehamia Dar, Arusha au Mwanza anataka akija Krismasi akute nyumba yake imepigwa plasta, na mafundi wote wa mteremko mzima wanakuwa wameshachukuliwa, wengine na watu wawili kwa wakati mmoja. Fundi wa kwanza alichukua vipimo akapotea. Wa pili aliniambia nimtafute mwezi wa pili. Wa tatu aliponiuliza mwanaume wa nyumba hii yuko wapi, nilimwonyesha njia ya kutokea.

Basi nikanunua mwiko, patasi, timazi na pimamaji, nikahamia Uru, nikaanza mwenyewe. Vibarua wawili niliwalipa wanichimbie shimo la choo nyuma ya nyumba, maana shimo refu si kazi ya mtu mmoja, na mume wa dada akaja kunisaidia kufunga mabomba. Kazi nyingine zote zilipita katika mikono hii.

Watu hudhani kukarabati ni kupaka saruji. Sehemu kubwa ni kuondoa. Stoo niliitoa majembe, madebe, magunia ya kahawa yaliyooza na kuku aliyekuwa ametamia humo bila taarifa. Kisha nikagonga plasta ya zamani kwa patasi, kishimo hapa kishimo pale ukuta mzima, ili plasta mpya ipate pa kushika. Vumbi lilinijaa mpaka kwenye meno. Mama alikuwa akiketi mlangoni juu ya kiti, magongo yakiwa mapajani, akinitazama, na kila nilipopumzika aliniuliza kama nimechoka kwa sauti ya mtu anayetaka nikatae.

Tailizi nilizipata kwa bei ya kutupa, mabaki ya maboksi katika duka moja la vifaa mjini. Zilikuwa nyeupe, ila nyeupe za aina tatu, na mwenye duka alinihakikishia hakuna atakayeona. Kila mtu aliona. Za sakafuni sikununua kabisa. Nyuma ya duka lile kulikuwa na lundo la zilizovunjika, nikaomba, nikaambiwa nichukue nikitaka hata zote. Nilizipanga vipandevipande kwenye saruji, rangi zote mchanganyiko, na kwa kuwa zilikuwa na viungo vingi hazikuteleza hata zikilowa. Sinki la jikoni lilikuwa limemeguka pembe. Mabomba tu ndiyo niliyonunua mapya, kwa sababu sikutaka kuja kuubomoa ukuta wangu mara ya pili.

Siku ya kwanza nilibandika safu mbili za tailizi bafuni, nikasimama nikazitazama nikiwa nimeshika kiuno. Nilijiona mhandisi. Asubuhi nilizikuta zote sakafuni zimelala kifudifudi. Nilitukana kwa Kichagga na kwa Kiswahili, mpaka Mama akaniita niache, kuna Mungu. Mume wa dada ndiye aliyenieleza kwamba tailizi kavu hunyonya maji ya saruji kabla haijashika, inabidi ziloweshwe kwanza. Kuanzia hapo nililaza tailizi kwenye beseni la maji jioni, na asubuhi nikazitoa zimeshiba. Hazikuanguka tena.

Choo chenyewe, sinki la kukaa, kilitoka katika hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha vyoo vyake vyote. Kilikuwa na rangi ya waridi. Nilikodi gari lipande nacho, lakini mvua ilikuwa imenyesha na dereva akagoma kupita zaidi ya kanisani, akaniteremsha pale na mzigo wangu. Ilikuwa Jumapili, misa ndiyo imekwisha. Nikafanya ngata ya kanga, nikajitwika choo changu cha waridi kichwani, nikaanza kupandisha mlima katikati ya Wakristo wote wa kijiji waliovaa vizuri. Watu walinipisha kwanza. Kisha mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, akasimama kando ya njia.

"Shikamoo, meku," nikamwamkia, shingo ikiwa imekakamaa.

"Marahaba, mwanangu. Hicho kiti ni cha nani?"

"Cha mama, meku."

"Mungu akubariki," akasema kwa upole kabisa, halafu nyuma yake kwaya nzima ikaangua kicheko. Nilicheka nao, ingawa ukiwa na choo kichwani kucheka si jambo la kufanya ovyo. Akina mama wawili wa kwaya wakaacha njia yao, wakabeba mfuniko wake na tangi lake la maji mpaka nyumbani.

Vipimo vyote nilichukua kwa mwili wa Mama. Nilimketisha nikapima mkono wake unapofika, goti lake linapokunja, kiwiko chake kinapokaa akiwa anamenya ndizi. Meza ya saruji ya jikoni nikaiweka kwa kimo hicho ili apike amekaa. Jiko la kuni nilijenga kwa matofali ya kuchoma, limeinuliwa ili asiiname, na nyuma yake dohani ya kutoa moshi nje juu ya paa. Bafuni nilipachika vyuma vya kushikia, vipande vya bomba nene nilivyovizamisha ukutani kwa zege, na nilining'inia hapo mwenyewe kwa uzito wangu wote kabla ya kumruhusu Mama aviguse. Mimi si mwepesi. Vikakaa.

Lakini bahasha ilikuwa inakonda. Nilipofika kwenye paa la baraza sikuwa na fedha ya mbao wala bati. Nikakitazama kile kibanda cheusi cha uani. Paa lake lilikuwa la bati zuri tu, lenye masizi, na nguzo zake zilikuwa ngumu kama chuma kwa moshi. Nikamwambia Mama nitakibomoa nichukue vifaa, maana sasa atakuwa na jiko jipya.

"Chote?" akauliza.

"Chote, Mama. Utakuwa na moshi wa nini tena?"

Akasema sawa. Nilikibomoa kwa siku moja na kwa furaha kubwa. Nilikuwa nimekichukia tangu utoto. Humo ndimo nilimoliza macho yangu nikipuliza kuni mbichi, na nywele zangu zilinuka moshi shule nzima. Nilipoviangusha vile viguzo vya mwisho niliona nimemkomboa kila mwanamke wa ukoo wetu.

Jiko lilipokamilika, majirani walikuja kulitazama wakavua viatu mlangoni. Kuta nyeupe, za aina tatu. Juu nilikuwa nimepigilia silingibodi nikaipaka chokaa. Mama aliingia kwa magongo yake, akakaa kwenye meza yake, akawasha moto mwenyewe, na moshi wote ukapanda kwenye dohani ukaenda zake. Hakuna aliyepikicha macho. Alipika mtori siku hiyo, wa kwanza tangu aanguke, na nilikula mpaka nikaona haya. Nilikuwa nimebakiza kufunga koki na kupaka rangi. Nilijua nimeshinda.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili Mama aliagiza mikungu ya ndizi za pombe ikatwe. Krismasi ya kwetu haina maana bila mbege. Watoto wote, wajukuu, mashemeji, majirani, watu wa ukoo, wote watapita, na mwenye nyumba asiye na kata ya mbege ya kumpa mgeni ni kama amehama. Pombe ya Mama ilijulikana. Watu walikuwa wakitoka mbali kuja kuionja halafu wanasingizia wamekuja kusalimia. Mikungu ikaletwa, ikalazwa mlangoni mwa jiko jipya, mibichi, ya kijani, mizuri. Mama akaketi akiitazama.

"Nizipandishe wapi?" akauliza.

Nikatazama juu. Silingibodi ilikuwa nyeupe pe.

Ndizi za mbege haziivi ovyo. Lazima zivundikwe mahali penye joto na moshi, na hapo ni darini, juu ya mafiga, kwenye dari ya fito ambayo kila jiko la kwetu linayo. Humo ndimo ndizi huiva zote kwa pamoja, humo ulezi hukauka, humo mbegu za mahindi hukaa mwaka mzima bila kuingiwa na mdudu. Nilikuwa nimekulia chini ya dari hiyo. Nilikuwa nimepanda humo mara ngapi kuiba ndizi mbivu. Nami nilikuwa nimeichukua dari hiyo fito kwa fito nikaitumia kuwashia moto wa kuchemshia chai ya vibarua.

"Umenijengea zahanati," Mama alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya ukuta.

Tulijaribu kila kitu. Tulizifunika kwa majani makavu na mablanketi kwenye kona ya chumba changu. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha na baridi ya mlima ilikuwa imeshuka. Za juu zikabaki kijani, za chini zikaanza kuoza. Nikaenda kwa majirani kuomba nafasi, na kila dari ilikuwa imejaa mikungu yao, kwa kuwa Krismasi ni ya wote. Niliporudi mikono mitupu, Mama alikuwa amekaa kwenye jiko lake safi, mikono mapajani, hapiki.

"Mwambie mdogo wako aje tu na gari," akasema. "Nitakwenda naye."

"Mama! Si unaoga mwenyewe sasa? Si unapika?"

"Napika chakula changu. Mtu wa kupika chakula chake hata ghorofani anapika. Watu watakuja hapa niwape nini, chai? Kama ni kukaa kama mgeni, bora nikakae ugenini kabisa."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na ndizi, na mvua, na yule mwenye duka na nyeupe zake tatu, na mimi mwenyewe kuliko wote. Nilikuwa nimempa Mama choo, nikamnyang'anya kazi. Mbege ilikuwa ndiyo sababu ya watu kuingia ua ule, na bila watu kuingia, kihamba kilikuwa shamba tu kwake. Alikuwa amepigana na ghorofa ya tatu akiwa na ndoo ya kifuniko, na sasa alikuwa anasalimu amri akiwa na vyuma viwili vya kushikia na choo cha waridi.

Nikarudi ndani kuchukua kanga yangu ili niondoke niende popote. Kwa hasira nikapiga kofi ile dohani kama anavyopigwa ng'ombe mkaidi, na nikarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Mama alikuwa amezima kuni zamani, na matofali bado yalikuwa yanaunguza.

Nilisimama pale nimeshika kiganja changu. Joto lote lile lilikuwa linapita juu ya silingibodi yangu nzuri na kwenda kuwapasha moto ndege. Na moshi nao ulikuwa humo humo. Vyote viwili nilikuwa navyo, nimevifungia ndani ya matofali.

"Mama," nikasema, "toka humu ndani kidogo."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kubomoa."

Nilichukua nyundo nikaivunja silingibodi yangu mwenyewe, ubao kwa ubao, chokaa ikininyeshea kichwani, na kila ubao ulioanguka ulinipa raha. Dada alipofika kutoka Kilema alinikuta mweupe kuanzia nywele hadi viatu, akadhani nimepatwa na wazimu, kisha nikamweleza akavua sweta lake. Mwaka ule jirani yetu alikuwa ameng'oa mibuni yake yote kwa kuchoka na bei. Tukaenda kumwomba matawi yaliyonyooka, tukapata fito za kutosha. Tukajenga dari mpya kuizunguka dohani, tukaipiga udongo pembeni isivuje, na kwenye dohani yenyewe, juu ya dari, nikatoa matofali mawili nikaweka kipande cha bati kinachofunguka na kufungwa kwa waya. Ukivuta waya, moshi unaingia darini. Ukiuachia, unakwenda zake nje. Jikoni chini haukushuka hata kidogo.

Likabaki jambo moja. Mama hakuweza kupanda ngazi, na kama angehitaji mtu wa kumpandishia mikungu, mdogo wangu angelisema hapo hapo. Nikashuka mjini na shilingi zangu za mwisho nikanunua kapi, lile gurudumu dogo la chuma la kupitishia kamba, pamoja na kamba ya katani. Nikalifunga kwenye boriti juu ya tundu la dari. Ukingo wa tundu tuliujenga kwa mteremko, mkungu ukifika juu unateleza wenyewe ndani, na kamba inafunguka ukiikung'uta.

Mama aliletewa kiti. Dada akafunga mkungu wa kwanza, mkungu mbichi mpya tuliokuwa tumekata, mkubwa kweli. Mama akashika kamba, akatutazama kama tunamchezea, akavuta. Mkungu ukanyanyuka kutoka sakafuni. Akavuta tena, mkono baada ya mkono, na ule mkungu ukapanda mbele ya uso wake, ukapita kichwa chake, ukaingia darini na kulala. Akaikung'uta kamba ikarudi.

"Leta mwingine," akasema.

Tulimletea yote. Dada alitaka kumpokea kamba katikati ya kazi, Mama akampiga mkono. Baada ya hapo akawasha moto, akavuta waya wake, na moshi wa kwanza ukaingia juu ya ndizi. Tulikaa chini, sisi watatu, kwenye sakafu ya vipande, tukicheka bila sababu. "Aika, mwanangu," Mama akaniambia, ahsante kwa lugha yetu, na nikajifanya nina chokaa kwenye macho.

Ndizi ziliiva. Siku moja niliamka harufu imejaa nyumba nzima, tamu, nzito, ya moshi, na Mama alikuwa tayari jikoni akiziteremsha kwa kapi. Alizipika, akaziacha zichachuke, akatwanga ulezi wake uliokwisha kuota, akatia msesewe, yale magome machungu yanayoipa mbege heshima yake. Mimi nilikuwa nachota na kunyanyua vizito tu. Amri zote zilitoka kwake, na zilikuwa nyingi, na nyingine alizitoa kwa matusi.

Mdogo wangu aliwasili mkesha wa Krismasi mchana, na mke wake na watoto. Alikuja na pikapu, na nyuma ya pikapu alikuwa ameweka godoro jipya la kumlaza Mama njiani. Nililiona godoro lile nikakasirika, kisha nikamwona anavyomkumbatia Mama, nikapoa. Nyumba ilikuwa imejaa. Mashemeji walikuwa barazani, watu wa ukoo uani, na kata zilikuwa zinazunguka. Akapewa ya kwake. Akanywa, akafunga macho, akanywa tena.

"Nani kapika hii?"

"Nani mwingine anapika hii?" Mama akamjibu.

Akaingia jikoni akaikagua meza, jiko, kapi. Akavuta waya akacheka kama mtoto. Akaingia bafuni akafungua koki, akasukuma vile vyuma kwa nguvu zake zote akitafuta kasoro, asiione. Aliporudi uani uso wake ulikuwa na mashaka bado. "Ni pazuri sana, Dada, sibishi," alisema. "Lakini maji na mtu mzima mwenye nyonga mbovu... Akiteleza humo peke yake? Angalau leo mke wangu amshike nione."

Mama aliweka mwiko wake chini, akachukua magongo na kanga safi, akapita katikati ya wageni wote kuelekea bafuni. Mke wa mdogo wangu akainuka kumfuata. Mama akaingia, akafunga mlango, na sote tuliokuwa karibu tukasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Kata zikaacha kuzunguka. Maji yakaanza kumwagika. Mdogo wangu akavumilia kidogo, kisha akaenda akagonga.

"Mama, usifunge! Ukianguka tutaingiaje?"

"Nani huyo?" sauti ya Mama ikatoka, kali, ikiwa imechanganyika na maji. "Mtu mzima anaoga, mnagonga mnataka nini?"

Dada ndiye aliyeanza kucheka, kisha mashemeji, kisha ua mzima. Mdogo wangu alibaki amesimama pale mlangoni, mkono hewani, na polepole naye akaanza kucheka, huku akifuta macho kwa mkono wa shati. Akarudi akaketi kando yangu. Akasema godoro lile tulishushe tu, Mama alilalie hapa.

Komeo likafunguliwa. Mama akatoka peke yake, kanga imefungwa vizuri kifuani, shingo inang'aa kwa mafuta, akatupita sote bila kutuangalia, akaenda kutazama sufuria lake.